Kambarage iliwaangusha Yanga na Simba mwaka mmoja, ikasahau kujishika yenyewe

JUMAMOSI ya Januari 19, 2019, mashabiki wa Yanga walikuwa wameshajiandaa kucheka. Simba ilikuwa Kinshasa kucheza na AS Vita mechi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na kila mtu pale Jangwani alijua kule si mahali pa kwenda kutembea. Yanga wao walikuwa Shinyanga, Uwanja wa Kambarage, kucheza na Stand United, timu ya wapiga debe. Kazi ilionekana nyepesi: beba pointi tatu, halafu kaa utulie uangalie mtani anavyoteseka.

Mtani aliteseka kweli. Vita waliifunga Simba mabao 5-0. Lakini siku ile Jangwani hakukuwa na mtu mwenye nguvu za kucheka, kwa sababu Kambarage nako kulikuwa kumewaka moto. Zikiwa dakika za lala salama, watu wakijua ni suluhu, Jacob Masawe akaifungia Stand bao pekee la mechi. Stand 1, Yanga 0.

Hiyo haikuwa Yanga ya kawaida. Ilikuwa Yanga ya Mwinyi Zahera, ile iliyokuwa ikipitisha bakuli kwa mashabiki, ikilalamika njaa, na bado ikawa inaongoza ligi. Tangu msimu uanze haikuwa imepoteza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Timu kubwa zilijaribu zikashindwa, timu ndogo zilijaribu zikachapwa. Aliyekuja kuivunja rekodi hiyo ni timu iliyokuwa ikipigania isishuke daraja.

Mpaka leo ukikaa kijiweni Shinyanga ukaitaja mechi ile, wapo watakaokusimulia bao la Masawe kama vile limefungwa jana. Ni haki yao. Ila kuna sehemu ya pili ya hadithi ambayo haisimuliwi kwa sauti hiyohiyo: msimu ule ulipomalizika mwezi Mei, Yanga walishika nafasi ya pili nyuma ya Simba. Stand United ikashuka daraja.

Hapo ndipo penye mjadala. Shinyanga na ukanda mzima wa madini mpaka Geita wanajua kuangusha vigogo. Wanachoshindwa ni kubaki wamesimama baada ya kigogo kuanguka.

WAPIGA DEBE WALIVYOANZA

Stand United haikuzaliwa ofisini. Jina lenyewe linajieleza: ni timu ya stendi ya mabasi, ya madereva, makondakta na wapiga debe, ndiyo maana mashabiki wake wanaiita Chama la Wana. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na kwa mji ambao ulikuwa umezoea kuusikia mpira wa juu redioni, ilikuwa kama kupata mtoto wa uzeeni.

Pesa nayo ikaja. Mwaka 2015, Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliingia udhamini na klabu hiyo. Timu nyingi za mikoani zilikuwa zikilala njaa wakati huo, Stand ikawa na mdhamini ambaye hata klabu za Dar es Salaam zingemtamani. Kocha Mfaransa Patrick Liewig, aliyewahi kuinoa Simba, akatua Shinyanga.

Halafu wana wakagombana. Upande mmoja wanachama, upande wa pili kampuni, kila mmoja akisema timu ni yake. Mgogoro ulifika mahali Acacia wakaamua kuondoka zao mwaka 2016. Mdhamini hakukimbia kwa sababu timu imefungwa. Alikimbia kwa sababu hakujua amkabidhi nani hundi.

Cha ajabu, muda mfupi baadaye, Septemba 25, 2016, Stand ileile yenye vurugu ilimkaribisha bingwa mtetezi Yanga hapohapo Kambarage. Pastory Athanas akafunga, Yanga wakalala 1-0. Mji ukalipuka, na kwa wiki kadhaa ugomvi ukasahaulika.

Hilo ndilo tatizo la ushindi wa aina hiyo. Unatibu kichwa kinachouma, ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Waswahili walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ukishamfunga Yanga nani atakuuliza habari za katiba ya klabu? Nani atauliza mishahara ya wachezaji, au timu ya vijana iko wapi?

NA SIMBA NAYE AKAJA

Kambarage haikumaliza kazi mwezi Januari. Jumatano ya Oktoba 30, 2019, ikiwa ni miezi tisa tu baada ya bao la Masawe, ilikuwa zamu ya Simba. Safari hii mwenyeji alikuwa Mwadui FC, timu ya kule kwenye mgodi wa almasi alioanzisha John Williamson mwaka 1940, wilayani Kishapu.

Simba walifika wakiwa mabingwa watetezi, na msimu ule mpya walikuwa wameshinda kila mechi ya ligi waliyocheza. Gerald Mdamu akafunga moja, Mwadui wakalilinda mpaka filimbi ya mwisho. 1-0. Ukiangalia vizuri utaona maajabu yake: uwanja uleule, mwaka uleule, matokeo yaleyale, na wote wawili, Yanga na Simba, wakipoteza pale mechi yao ya kwanza ya ligi kwa msimu. Ni viwanja vichache sana Tanzania vinavyoweza kujisifu hivyo.

Mwadui wenyewe hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Mei 2016, wakiwa na kocha Jamhuri Kihwelo 'Julio', waliwafuata Simba mpaka Uwanja wa Taifa, Jamal Mnyate akafunga bao pekee. Kumfunga Simba kwake si jambo la bahati nasibu.

Sasa weka na upande wa pili wa mizani. Siku Mwadui wanamfunga Simba pale Kambarage, Stand United, mashujaa wa Januari, walikuwa wameshashuka daraja. Mwadui nao walikuwa Ligi Kuu kwa kuponea chupuchupu, maana msimu uliotangulia walilazimika kucheza mtoano wa kubaki. Na kwenye mtoano huo walikutana na nani? Geita Gold, jirani zao. Mwadui wakabaki, Geita wakaambiwa wasubiri.

Mwadui hawakukaa sana. Msimu wa 2020/21 nao wakashuka.

WAFUNGAJI WAO WAKO WAPI?

Fuata nyayo za waliofunga mabao hayo, utaelewa zaidi. Jamal Mnyate alimfunga Simba Mei 2016, msimu uliofuata akavaa jezi ya Simba. Pastory Athanas alimfunga Yanga Septemba 2016, dirisha dogo la mwaka huohuo akasajiliwa Simba. Gerald Mdamu alihamia Polisi Tanzania, na Julai 2021 akaumia vibaya miguu katika ajali ya basi la timu hiyo, akiwa kwenye ubora wake.

Mchezaji kuhama si dhambi. Kijana aliyekulia kwenye viwanja vya vumbi akiitwa na Simba aseme hapana ili iweje? Maisha ni mafupi na miguu ya straika ni mifupi zaidi. Lakini klabu inayouza inatakiwa ibaki na kitu: ada ya maana, au kijana mwingine nyuma yake aliyeiva. Timu za ukanda huu zilimpoteza shujaa, zikabaki na stori.

Hata stori yenyewe imepinda. Nje ya Shinyanga, mechi ya Januari 2019 inakumbukwa kama "siku Yanga alipopoteza rekodi". Ile ya Oktoba inakumbukwa kama moja ya siku mbaya za Patrick Aussems, kocha aliyetimuliwa Simba mwezi mmoja baadaye. Yaani hata unapomfunga mkubwa, habari inakuwa ya mkubwa. Ni wangapi leo hii wanaweza kutaja beki mmoja tu wa Stand aliyekaba siku ile? Wengi watakutajia benchi zima la Yanga.

Na haikuwa bahati hata kidogo. Septemba 2018, kwenye mzunguko wa kwanza, Stand walikwenda Taifa wakafungwa na Yanga 4-3, lakini Mrundi Alex Kitenge aliondoka na mpira wake baada ya kupiga mabao matatu peke yake. Kwa hiyo katika mechi mbili za msimu mmoja, timu ya stendi ilimfunga Yanga mabao manne. Yanga walishaonywa mapema. Tatizo la Stand halikuwa kipaji.

HESABU ZA KIJIWENI

Msimu wa 2018/19 ulikuwa na timu 20, kila timu ikacheza mechi 38. Ukizitoa mechi nne za Simba na Yanga, nyumbani na ugenini, zinabaki 34. Mechi nne zina pointi 12 kwa juu kabisa. Hizo 34 nyingine zina pointi 102.

Sasa jiulize, timu ya mkoani inaweka nguvu zake wapi? Simba au Yanga ikija, mji mzima unahamia kambini. Viongozi wa mkoa wanakwenda kuwasalimia wachezaji, ahadi za pesa zinatolewa hadharani, mfanyabiashara ambaye hajawahi kununua hata maji ya timu anaahidi kitita kwa kila bao. Wiki inayofuata inakuja Ndanda au Ruvu Shooting, uwanja mtupu, kambi haina nyama, mchezaji anadai mshahara. Anacheza kwa kujionea huruma.

Pointi tatu za Yanga na pointi tatu za African Lyon zinaandikwa kwa wino mmoja kwenye msimamo. Hakuna timu iliyowahi kubakizwa Ligi Kuu kwa sababu iliwahi kumfunga kigogo. Msimu ule mambo yalikuwa magumu zaidi kwa kuwa ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu, na timu zilisafiri nchi nzima kwa kuungaunga. Ndiyo maana kila sare na Lipuli ilikuwa na thamani ya dhahabu, na ndiyo maana waliozidharau mechi hizo walilia Mei.

Hii si laana ya Shinyanga peke yake. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja na kuchukua ubingwa wa nchi mwaka 1986. Ubingwa kabisa, si mechi moja! Leo mtoto wa miaka 15 ukimtajia Tukuyu Stars atakuuliza hiyo ni bendi au basi. Sifa bila msingi haikai.

GEITA WALIKARIBIA

Wapo watakaosema mikoani hakuna pesa, kwa hiyo kelele zote hizi ni bure. Ni hoja nzito kwa timu za mikoa mingine. Kwa ukanda ambao ardhini kuna almasi Mwadui na dhahabu Bulyanhulu mpaka Geita, hoja hiyo inapungua uzito. Stand walikuwa na pesa za mgodi, wakazigombania mpaka mwenyewe akaondoka nazo.

Geita Gold ndio waliokaribia kuonyesha njia. Timu ni ya Halmashauri ya Mji wa Geita, kwa hiyo hakukuwa na swali la nani mwenye mali. Mdhamini akawa mgodi wa GGML, uliopo hapohapo mlangoni. Wakapanda, na msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2021/22, wakiwa na kocha Fred Felix 'Minziro', wakamaliza nafasi ya nne. George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga na 16. Fikiria hilo: mfungaji bora wa nchi hakutoka Msimbazi wala Jangwani, alitoka Geita.

Wakakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Hiyo si aibu, ndiyo shule. Aibu ilikuja baadaye. Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi, pengo lake halikuzibika, na msimu wa 2023/24 ulipomalizika Geita Gold walikuwa wanashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Kutoka nafasi ya nne na pasi ya kusafiria ya Afrika mpaka daraja la chini, misimu miwili tu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo si dogo. Geita Gold iliwahi kuwapokea Simba na Yanga CCM Kirumba, jijini Mwanza, na si Geita. Kirumba ni uwanja mkubwa na mapato ya mlangoni yanaeleweka. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Yanga na Simba walilala Kambarage kwa sababu mwenyeji alikuwa mwenyeji kweli, na mashabiki walikuwa wa palepale. Ukimpeleka kigogo kwenye mji ambao nusu ya uwanja inamshangilia yeye, umemrudishia silaha yake mkononi.

NINI KIFANYIKE

La kwanza, mwenye timu ajulikane. Stand iliumizwa na swali hilo kuliko ilivyoumizwa na straika yeyote. Klabu yenye wanachama ibaki ya wanachama, yenye halmashauri ibaki ya halmashauri, lakini hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, siyo mpaka watu wafike polisi.

La pili, pesa za migodi ziingizwe kwenye miguu ya watoto. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Mipango hiyo inajenga madarasa na zahanati, na iendelee hivyo. Kule Geita imefika mpaka kwenye ujenzi wa uwanja wa mpira pale Magogo. Hatua inayofuata ni timu za vijana zenye makocha wanaolipwa. Udhamini wa jezi unaisha siku mdhamini akibadilika. Acacia leo haipo, ilimezwa na Barrick mwaka 2019, na mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Mgodi una siku yake ya kufungwa. Kijana wa miaka 14 aliyefundishwa vizuri hafungwi na mkataba wa leseni.

La tatu, ahadi za motisha zigawanywe upya. Mfanyabiashara anayetaka kutoa milioni za kumfunga Simba, aambiwe asante mzee, tugawanye kwa mechi 30, kila ushindi uwe na chake. Hapo ndipo mchezaji atamkimbiza beki wa timu ndogo kama anavyomkimbiza beki wa Yanga.

La nne, majirani waache kuzikana. Mwaka 2019 Mwadui na Geita walikutana kwenye mtoano, mmoja akamzuia mwenzake. Mwaka 2025 hadithi ikajirudia: Stand United na Geita Gold wakakutana kwenye mtoano wa Championship, Stand wakawatoa Geita, kisha wao wenyewe wakakwama kwa Fountain Gate mlango wa mwisho kabisa wa kurudi Ligi Kuu. Mpira ndivyo ulivyo, mmoja lazima atoke. Lakini ukanda wenye utajiri kama huu haukupaswa kugombania tundu moja la sindano. Ulipaswa uwe na timu mbili au tatu juu, zikigombania nafasi za Afrika.

Kuna mtu atasema, waacheni watu wa Shinyanga wafurahie kumbukumbu yao. Wafurahie, tena sana. Bao la Masawe na bao la Mdamu ni mali yao, na yanapaswa yachorwe ukutani pale Kambarage, kwa majina ya wafungaji na siyo kwa jina la aliyefungwa. Mtoto anayepita hapo ajue kwamba Yanga isiyofungika ilifungwa hapa, na Simba isiyofungika nayo ikafungwa hapa, mwaka mmoja.

Ila mtoto huyo akiuliza timu zenyewe ziko wapi sasa, awepo mtu wa kumjibu. Pale stendi ya Shinyanga kila mpiga debe anajua kwamba kujaza basi siku moja ya sikukuu si biashara. Biashara ni basi kuondoka kila siku, liwe limejaa au halijajaa. Chama la Wana lilianzia kwa watu wanaolijua hilo kuliko mtu yeyote. Wakilihamishia kwenye mpira, Yanga na Simba watafungwa tena Kambarage, na safari hiyo Mei ikifika mwenyeji bado atakuwa Ligi Kuu.